Kaka alinifailia 2009 na mpaka leo twangoja: jibu kwa dada wa Bamburi

Dada mmoja wa Bamburi ameniandikia, nalifupisha swali lake hapa. Kakake ni raia wa Marekani, yuwaishi Columbus, Ohio, yuwaendesha lori. Aprili 2009 alimfailia kama ndugu, yaani alimwombea viza ya kuhamia kule, Juni 2012 ikaja barua kwamba ombi limekubaliwa, wakachinja mbuzi wakijua mwaka ule ule wataondoka. Tangu hapo kimya. "Kila wakipiga kura kule twaambiwa sheria mpya yaja, alafu haiji. Viza ya matembezi nimeomba mara mbili nimenyimwa, harusi ya bintiye kaka ikanipita. Sasa binti yangu mkubwa ana miaka 19 na kuna posa imekuja, wazee wa kijana wataka jibu. Wadogo wana 14 na 9. Shida ni nini hasa, tumekosea sisi ama ni wao? Ningoje ama nifunge hii hesabu?"

Dadangu, hujakosea kitu na kakako hajakosea kitu, nataka hilo likae moyoni kabla hatujaenda mbali, manake nimekaa na familia nyingi hapa mjini ambazo zimegombana kwa ajili ya hizi karatasi, dada yuwamlaumu kaka hakufuatilia, kaka yuwamlaumu dada hakutuma cheti, na wote wawili hawana hatia. Kazi yangu miaka mingi sasa ni hii ya mafaili ya viza na swali lako ndilo ninaloulizwa zaidi kuliko yote.

Ile barua ya 2012 haikusema njooni. Ilisema tumeamini nyinyi wawili ni ndugu, basi. Baada ya hapo faili likapelekwa kwenye kituo chao cha viza, National Visa Center, kule New Hampshire, likapangwa kwenye foleni kwa tarehe ile aliyofaili kaka, Aprili 2009. Hiyo ndiyo tarehe ya zamu yako, watu wa viza waiita prayoriti deti, na ndiyo mali yako kubwa kwenye jambo hili lote. Kila mwezi wizara yao ya mambo ya nje hutoa buletini ya viza, bure, mtandaoni, waangalia mstari wa F4 ambao ni wa ndugu wa raia, na Kenya haina safu yake peke yake, iko kwenye ile ya nchi zote kwa jumla. Mwaka 2025 tarehe hapo ilikuwa yazunguka mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Yaani walioitwa ni wale waliofaili wakati sisi hapa tuko kwenye uchaguzi wa Kibaki na Raila. Wewe wa Aprili 2009 uko nyuma yao kidogo, lakini hiyo kidogo usiipime kwa kalenda ya ukutani, miaka hii ya karibuni mwaka mzima wapita na tarehe imesogea miezi michache tu.

Sasa kwa nini iko hivyo. Foleni hii haikuwekwa na ubalozi wala na rais yeyote, iko ndani ya sheria, na sheria yenyewe ni ya 1990, aliitia sahihi Bush mzee. Ilisema ndugu wa raia, dunia nzima, wapewe viza 65,000 kwa mwaka. Na hapa ndipo wengi hawaelewi, hizo 65,000 si za ndugu peke yao, ni ndugu na mumewe au mkewe na watoto wake, kila mmoja kichwa chake. Wewe na mzee na watoto watatu mwachukua tano. Alafu hakuna nchi moja inayoruhusiwa kupita asilimia 7 ya jumla, ndiyo maana Wafilipino na Wamexico wana foleni zao ndefu kuliko hii yetu. Lakini mke, mume, watoto wadogo na wazazi wa raia hao hawahesabiwi kabisa, wapita mlango usio na kikomo. Ndiyo sababu unamwona jirani ambaye kijana wake amepata uraia juzi na mamake ashaondoka, na wewe wa tangu 2009 bado uko. Jirani hakuhonga mtu, sheria ndiyo imewatenganisha.

Kwenye foleni hii ya ndugu kuna zaidi ya watu milioni 2. Chukua kalamu ugawanye kwa 65,000, utapata zaidi ya miaka 30, na hiyo ndiyo hali ya mtu anayefaili leo. Marekani ya 1990 ilikuwa na watu kama milioni 250, sasa wamepita milioni 330, raia wapya wenye ndugu huku nje wameongezeka kila mwaka, na ile namba haijaguswa. Ni kama feri ya Likoni ibaki ile ile moja ya 1990 na watu wa Likoni mpaka Ukunda waendelee kuzaana na kuhamia.

Kuibadilisha hiyo namba ni kazi ya Kongresi yao, na huko ndiko mambo yalikokwama. Seneti ina watu 100, na mswada mkubwa haufiki kwenye kura ya mwisho mpaka 60 wakubali mjadala ufungwe, kwa hivyo ukiwa na 51 bado huna kitu, na chama kimoja kuwa na viti 60 ni jambo nadra sana. Upande wa Bunge la Wawakilishi, Spika ndiye aamuaye mswada gani uletwe, na Maspika wa Republican wamejiwekea desturi ya kutoleta kitu ambacho wengi wa chama chao hawakitaki, hata kama kingepita kwa kura za pande zote mbili. Sisi si wageni na hali hii. Katiba yetu ya 2010 ilisema jinsia moja isipite theluthi mbili, Bunge likapewa miaka mitano litunge sheria, mahakama zikaamuru, miswada ikaletwa ikakosa idadi ya wabunge, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais avunje Bunge, halikuvunjwa. Na mbunge yeyote ukimuuliza atakwambia yuwaunga mkono jambo hilo.

Mzizi wa ugomvi wao ni wa 1986. Mwaka ule Reagan alitia sahihi sheria iliyowapa karatasi watu kama milioni 2.7 waliokuwa wakiishi kule bila ruhusa, na makubaliano yalikuwa kwamba kuanzia hapo anayeajiri mtu bila karatasi ataadhibiwa na mpaka utalindwa. Karatasi zikatolewa, adhabu zikawa dhaifu, na wasio na ruhusa wakaongezeka tena mara kadhaa. Tangu siku hiyo upande mmoja wasema tulidanganywa, safari hii mpaka ufungwe kwanza ndipo tuzungumze mengine. Upande wa pili wasema huwezi kumwacha mtu aliyekaa miaka 20, ana watoto, ana nyumba, bila karatasi huku ukingoja mpaka ufungwe, manake hakuna siku mtakubaliana kwamba umefungika. Kila mmoja ameshika rehani kile anachokitaka mwenzake. Na foleni yako wewe, ambayo ni ya halali tupu, ya watu waliofuata kila walichoambiwa, imefungwa ndani ya mtumba huo huo mmoja pamoja na mpaka na wasio na karatasi, na huo mtumba haufunguliwi nusu.

Nikuonyeshe vile hilo limekugusa wewe hasa. Mwaka 2007 Bush mdogo na Seneta Kennedy, mmoja Republican mwengine Democrat, walileta mswada mkubwa. Ungepita, mlango wa ndugu ungefungwa kabisa, watu wangeanza kuchaguliwa kwa pointi za elimu na kazi. Juni 28 ukapigiwa kura ya kufunga mjadala, 46 wakasema ndiyo, 53 wakasema la, ukafa. Kwa hivyo ule mkwamo wa 2007 ndio uliomwezesha kakako kukufailia 2009. Alafu ikaja 2013, maseneta wanane wa vyama vyote viwili wakaandika mwengine, ukapita Seneti kwa 68 dhidi ya 32, kitu ambacho hakikuwa kimetegemewa. Nao ungefunga mlango wa ndugu kwa wapya, lakini waliokwisha kufaili walitengewa njia yao, foleni nzima imalizwe ndani ya miaka kadhaa. Wewe na faili lako la 2009 ungekuwa kwenye kundi hilo, binti yako akiwa bado darasa la pili la tatu. Spika Boehner hakuuleta Bungeni. Haukukataliwa, haukupigiwa kura, ulikaa tu mpaka muda wa Bunge lile ukaisha. Kwa hivyo mkwamo ule ule uliokupa mlango ndio uliokufungia ndani ya ukumbi, na ukiniuliza mimi jambo hili ndilo linalouma zaidi, si kwamba watu walikaa wakaamua dhidi yako, ni kwamba hakuna aliyeamua.

Wa mwisho mkubwa ni wa Februari 2024, Seneta Lankford wa Republican alikaa miezi na wenzake wakaandika mswada mkali wa mpaka, na ndani yake, watu wengi hawakuona, kulikuwa na viza za nyongeza 250,000 kwa miaka mitano, nyingi yake za familia. Trump alikuwa yuwagombea, akaupinga, chama chake kikauacha, 49 kwa 50. Basi ukisikia tena kwamba sheria mpya yaja, usiuze kitu wala usinunue kitu kwa habari hiyo. Mpaka uone Seneti na Bunge la Wawakilishi wote wameipitisha na rais ametia sahihi.

Umeuliza kama ni nyinyi ama ni wao. Mimi nadhani anayeumia wa kwanza ni kakako, na hilo huku kwetu hatulisemi kabisa, twaona yeye yuko Marekani amefika. Yule ni raia. Yuwalipa kodi, yuwapiga kura, yuwaitwa mahakamani kukaa kwenye jopo la wazee wa kesi kama wenzake, na sheria ya nchi yake ilimwahidi kwamba raia aweza kumleta nduguye. Amezeeka ndani ya ahadi hiyo. Kaka wa namna yake nawajua wengi, hunipigia saa nane za usiku wetu wakiwa wamepaki lori pahali, waniuliza tu kama tarehe imesogea. Na hata matembezi hawezi kukupata, manake afisa wa viza kwa sheria yao ataka umthibitishie kwamba utarudi, na faili la kuhamia liko wazi mbele yake. Hukunyimwa kwa sababu ya jibu baya. Si kwamba haiwezekani kabisa, nimeona waliopata, lakini walikuwa na kazi, biashara, mali, vitu vya kuwavuta nyumbani vinavyoonekana kwa karatasi.

Na si kaka peke yake. Kuna raia Wamarekani waliooa watu wasio na karatasi, na sheria ya 1996 yasema aliyekaa bila ruhusa zaidi ya mwaka akitoka nje hafungiwi mlango kwa mwezi ama miwili, ni miaka 10, basi mtu na mkewe waishi hivyo hivyo kwa hofu, ama waombe msamaha ambao ni mrefu na hauna uhakika. Korona ilipoingia 2020 serikali yao ikatoa dola 1,200 kwa kila mtu mzima, lakini raia aliyetangaza kodi pamoja na mke asiye na namba ya hifadhi ya jamii alikosa yeye mwenyewe, raia, mpaka Kongresi ikarekebisha Desemba. Kuna kifungu cha zamani kinachompa karatasi mtu aliyekaa kule miaka mingi kwa tabia njema, kizuri sana, ila ni lazima awe aliingia kabla ya Januari 1, 1972. Tarehe hiyo iliwekwa mara ya mwisho 1986 na haijaguswa tena. Mtu aliyeingia 1973 akiwa mtoto mchanga leo ana wajukuu na bado hafiki.

Kongresi ikikaa bila kufanya kitu, marais hutawala kwa amri. Obama 2012 akawalinda vijana walioletwa wadogo, na mpaka sasa wamo mahakamani. Januari 2017 Trump akafunga watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo, na hapa Mombasa tuliona familia zilizokuwa na tikiti mkononi. Aprili 2020 viza za ndugu zikasimamishwa kwa amri, Februari 2021 Biden akaiondoa amri hiyo. Amri hutoka jioni na kushika asubuhi. Kwa hivyo siku utakapoitwa, kabla hujalipa hata shilingi, ingia tovuti ya ubalozi usome kama kuna amri mpya inayogusa Mkenya ama inayogusa F4.

Sasa tuje kwa binti, manake najua hili ndilo limekufanya uandike.

Watoto wako waingia kwenye faili lako mradi wako chini ya miaka 21 na hawajaolewa wala kuoa. Yule wa mwisho hakuwa amezaliwa 2009, hakuna neno, ahesabika. Wadogo wote wawili sina wasiwasi nao. Kwa mkubwa, kuna sheria ya 2002 ya kulinda umri wa watoto, na hapa uchelewaji wao umekufaa. Faili lilikaa mezani kwao tangu Aprili 2009 mpaka Juni 2012 ndipo wakalikubali, miaka mitatu na miezi miwili. Muda huo sheria yasema asihesabiwe mtoto. Mwezi zamu ikifika, mwachukua umri wake wa siku hiyo, mwatoa miaka mitatu na miezi miwili, kinachobaki kikiwa chini ya 21 bado ni mtoto wako kwenye faili, ila ni lazima muanze maombi ndani ya mwaka mmoja tangu zamu ifike. Kwa hivyo binti hafungiwi akitimiza 21, yuwaenda mpaka kama 24 na miezi miwili. Ana kama miaka mitano mbele yake, minne na kitu kama 20 yakaribia.

Na tarehe ya buletini, kwa ilipokuwa mwisho wa 2025, ilibakiwa na kama miezi 15 ya kutembea kabla ifike Aprili 2009. Ikitembea miezi mitatu minne kwa mwaka kama ilivyokuwa yatembea, hesabu ni minne mitano. Waona ilivyobana. Aweza kuwahi, aweza kukosa kwa miezi miwili, na hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia sasa itakuwa ipi.

Akikosa, wewe na baba na wadogo mtaenda, yeye abaki, kisha wewe ukiwa na grini kadi umfailie kama binti mkubwa asiyeolewa, na foleni hiyo nayo miaka ya karibuni ni kama tisa. Watu walidhani mtoto wa namna hii atabaki na tarehe ya zamani ya mamake, kesi ikaenda mpaka Mahakama yao ya Juu kabisa, na 2014 majaji wakasema la, aanze upya. Majaji wenyewe waligawanyika, manake kile kifungu kiliandikwa vibaya, mtu aweza kukisoma hivi na hivi. Kongresi ingekiweka sawa kwa mistari miwili. Haijafanya.

Akiolewa kabla hajaingia Marekani, ametoka kwenye faili lako. Hata akiolewa baada ya intavyu, hata wiki moja kabla ya ndege. Na atakuja mtu, pengine ashakuja, akwambie fungeni nikah kimya kimya nyumbani, msiandikishe kwa kadhi, akiulizwa aseme hajaolewa. Dadangu usikubali, wallahi usikubali. Nikah ni nikah, mashahidi wawepo na mahari itajwe, ndoa imesimama, cheti ni karatasi tu ya kuionyesha. Maafisa wale huuliza majirani, huangalia picha za Facebook, huangalia mimba. Binti akisema uongo mbele ya afisa na ukajulikana, kufungiwa kwake ni kwa maisha, na hata baadaye akiolewa na raia itabidi aombe msamaha usio na uhakika. Nimemwona msichana wa miaka 22 akitoka kwenye intavyu Nairobi ameshika bahasha yake kifuani, kwa sababu shangazi alipost henna yake. Alirudi na treni usiku ule ule, na mpaka Miritini hakusema neno.

Ushauri wangu mimi, na waweza kuukataa, ni kwamba msimzuie binti kwa ajili ya foleni. Kama kijana ni mtu mzuri, kwao kwajulikana, na binti mwenyewe amemtaka, aolewe. Miaka mitano ya msichana kukaa amengojea tarehe ya nchi ambayo haijui jina lake ni kitu kikubwa mno kumwomba, na mwisho wake aweza kukosa vyote viwili. Lakini kama yeye ndiye anayesema mama mimi nataka kusoma kule, bado sijataka mume, basi mwambieni hivyo mshenga, wazi, wazee watu wazima wataelewa, na kama kijana yuko tayari kungoja, akishaingia na grini kadi aweza kurudi waoane na amfailie mumewe, kuna foleni yake pia ya miaka lakini si hii ya kwako. Kitu kibaya ni kuwapa watu jibu la "ngojeni kidogo" huku hiyo kidogo hamuijui.

Ama kungoja kwako wewe mwenyewe, ngoja, manake kungoja hakugharimu kitu kama huku waendelea na maisha. Jenga kama ulikuwa wajenga. Fungua duka. Faili halili wala halinywi. Ila kuna mambo ya kuyashughulikia sasa hivi.

La kwanza ni imeli na anwani. Mzee mmoja wa Changamwe aliniletea bahasha ya khaki ndani ya mfuko wa nailoni, kona zimeliwa na unyevu, kila kitu kimo, risiti ya dadake ya kufaili, barua ya kukubaliwa, picha za pasipoti za wakati ana nywele nyeusi. Nikaangalia imeli iliyoandikwa kwenye fomu, ni ya saiba. Si yake, ya saiba, ile waliyokwenda kufunguliwa na kijana wa kompyuta, na saiba ile ilifungwa zamani pakawa duka la simu. Wito ulikuwa umetumwa huko miezi 20 iliyopita. Sheria yao yasema usipojibu ndani ya mwaka mmoja faili lafutwa, ila ukijitokeza ndani ya miaka miwili na kuonyesha haikuwa makosa yako waweza kulirudisha. Tulikuwa tumebaki na miezi minne. Tukaandika, likarudi, lakini yule mzee alikaa kwenye kiti changu akitetemeka mikono. Kwa hivyo wewe na kaka waandikieni National Visa Center, kwenye tovuti yao kuna fomu ya maulizo, muweke imeli zenu mbili na anwani za sasa. Mkiandika wekeni na ile namba ya kesi.

La pili ni majina. Sisi watu wa pwani hili ni donda. Kwenye cheti chako cha kuzaliwa baba ni Mohamed, kwenye cha kaka ni Muhammad, kwenye kitambulisho limo jina la babu na kwenye pasipoti halimo. Aliyezaliwa nyumbani na cheti akakichukua ukubwani, tafuta na ushahidi mwengine wa zamani, cheti cha madrasa, cha shule, kadi ya kliniki. Na kama wewe na kaka ni baba mmoja mama mbalimbali, wataka kuona ndoa ya baba na kila mama, na kama kulikuwa na talaka, cheti cha talaka. Ofisi ya kadhi ya miaka ile vitabu vipo lakini kutafutwa kwachukua muda, usingoje mpaka uitwe.

La tatu silipendi kulisema lakini lazima. Faili liko juu ya uhai wa kakako. Akifariki, Mungu ampe umri, ombi lake lafutika siku hiyo. Kuna kuomba lirudishwe kwa huruma, na lazima awepo jamaa mwengine wa karibu aliye raia au mwenye grini kadi, wa kubeba dhamana ya kipato, na wakubali ama wasikubali ni hiari yao. Kwa hivyo kama yupo kule mtoto wa kaka aliyefika miaka 21 ambaye ni raia, hawezi kukufailia shangazi, hilo halipo, lakini kama mama yenu yuko hai na yuwaweza kwenda na mwisho awe raia, yeye aweza kukufailia wewe kama binti yake kwa foleni nyingine. Ulizeni hilo mapema.

Na yule ajenti. Hukumtaja lakini najua yupo, kila familia ina wake. Hakuna mtu Mombasa wala Nairobi wala Washington anayeweza kuisogeza tarehe ya F4, hata kakako akienda kwa mbunge wake atajibiwa ngoja zamu. Anayekwambia lete elfu sitini ana mtu wake ndani, yuwakuibia.

Nifanyie jambo moja. Tafuta ile barua ya Juni 2012 na ile risiti ya Aprili 2009, uniandikie siku kamili za zote mbili, pamoja na siku ya kuzaliwa ya binti kama ilivyo kwenye cheti, si kama mnavyoikumbuka. Kwa hizo tatu nitakupa mwezi kamili ambao yeye atatoka kwenye faili. Ukishaupata kaa naye peke yenu, umuonyeshe hesabu kwa karatasi, umuulize yeye ataka nini, alafu ndipo uwajibu wazee.